Chalon hadi Mâcon kwa baiskeli: vijijini Ufaransa unashinda njaa na hela unayo mfukoni

Mwana_Kilosa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau kwenye uzi mwingine alibisha kwamba zile picha za watu wanaoendesha baiskeli katikati ya mashamba ya zabibu Ufaransa ni za matangazo ya utalii tu, hakuna mtu anaishi vile. Nikamwambia mule sitabishana naye, nitafungua uzi. Ndiyo huu. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi niko Lyon, nabeba maboksi kama wengi wetu. Jumamosi nikiwa sina zamu napandisha baiskeli kwenye treni ya mkoa, nashuka mji fulani, halafu nakanyaga pedali hadi stesheni nyingine na kurudi nyumbani. Njia ninayowaletea leo inaanzia Chalon-sur-Saône na kuishia Mâcon, kusini mwa Bourgogne. Karibu kilomita 70. Kwa mtu wa kawaida ni siku nzima ukihesabu na kusimama, na raha ya hii safari iko kwenye kusimama.

Sehemu kubwa ya njia hii zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita wakang'oa vyuma na mataruma, wakamwaga lami, na mwaka 1997 kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kikafunguliwa kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu. Ndiyo ya kwanza ya aina yake Ufaransa, wanaiita Voie Verte. Baadaye ikarefushwa huku na huku. Faida ya kuendesha juu ya tuta la reli utaielewa ukifika: treni ya mvuke haipandi mlima mkali, kwa hiyo wahandisi wa wakati ule walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo. Leo jasho lao linamfaidisha mwenye kitambi kama mimi. Kushoto vilima, kulia vilima, wewe unateleza tambarare.

Nitaleta kwa vipande, msinikate.

Shamba_Darasa

Siti ya mbele kabisa. Mkuu tupia na picha basi.

Babu_wa_Nachingwea

Kijana umenigusa. Sisi huku kusini nasi tulikuwa na reli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 40 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga uliowadodea. Ikaunganisha Mtwara na Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Hakuna aliyemwaga lami. Tuta limemezwa na pori na mashamba ya watu. Endelea, nakusoma.

Mwana_Kilosa

Shikamoo babu. Hata hao Wafaransa wana reli nyingi tu zilizomezwa na miba. Hii ilipona kwa sababu serikali ya mkoa mdogo wa pale, Saône-et-Loire, iliishikia bango mapema kabla kila mwenye shamba hajajimegea kipande chake. Vibanda vya stesheni bado vipo. Kimoja kimegeuzwa mgahawa, kingine kinakodisha baiskeli, kingine mtu anaishi na ameanika nguo pale ilipokuwa sehemu ya abiria.

Haya, asubuhi.

Chalon nilishuka saa mbili na ushee. Mji wenyewe sikuukalia sana, ila mpenda picha ajue kwamba huyu Nicéphore Niépce aliyepiga picha ya kwanza iliyodumu, miaka ya 1820, ni mzaliwa wa hapo, na kazi hiyo aliifanyia kijiji cha jirani, Saint-Loup-de-Varennes. Makumbusho yake yako kando ya mto. Huyo huyo mzee mwaka 1818 alikuwa anahangaika kuboresha ile babu ya baiskeli, ya mbao, isiyo na pedali, unayoisukuma kwa kukanyaga chini. Kwa hiyo nyinyi mnaopiga selfi juu ya baiskeli, huyo ndiye wa kumshukuru mara mbili.

Kutoka mjini kuna kipande cha makazi na mizunguko ya barabara ambacho hakina ladha. Ukifika Givry unaona umebadilishiwa dunia. Ni mji mdogo wa mvinyo mwekundu, una soko la nafaka la zamani lililojengwa duara, na mizabibu inaanza mgongoni mwa nyumba za watu. Imepandwa kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba ukipita kwa mwendo mistari inafunguka na kujifunga. Unafika Buxy, mwekundu umeisha, sasa ni mvinyo mweupe. Kilomita chache tu, udongo umebadilika, bei imebadilika, na majirani wanadharauliana kimya kimya.

Pale Givry nilinunua mkate. Naomba niwaeleze duka la mkate kwa sababu ndilo linaloongoza siku nzima. Foleni ilikuwa watu sita au saba, wengi wazee, kila mmoja ana mfuko wake wa kitambaa. Kila anayeingia anasalimia duka zima, na duka zima linaitikia. Usiposalimia ukaanza na "nipe mkate", utahudumiwa, lakini utahudumiwa kwa uso ule ule anaokupa mama ntilie ukimpita bila shikamoo. Mama mmoja mbele yangu alikataa mkate wa kwanza kwa kuwa haukuiva vya kutosha, wa pili akausogeza sikioni, akauminya kidogo ulie, ndipo akalipa. Nyuma yake hakuna aliyeguna. Nikachukua wangu, na jibini mbili ndogo za mbuzi kutoka kabati la pembeni, zile za huko zenye umbo la koni iliyokatwa kichwa. Mkate nikaufunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Chuma_cha_Pua

Hiyo baiskeli ni ya aina gani mkuu? Na gharama zikoje? Tusije tukawa tunasifia vitu vya wenye hela.

Mwana_Kilosa

Ya mtumba. Fremu ya chuma, tairi nene kidogo kuliko za mashindano, madigadi mbele na nyuma, keria, gia za kutosha. Njia ya lami hii hata Phoenix yenye gia moja ingeimudu, shida ni kipande kimoja tu cha mlima kama handaki lililo baada ya Cluny limefungwa, nitakifikia. Treni za mkoa baiskeli hawatozi, ila ndoano za kuitundika ni chache, na mwezi wa saba na wa nane mnagombea. Gharama ya siku ni tiketi, mkate, jibini, chakula cha mchana ukitaka kukaa kwenye kiti, na kahawa. Maji ni bure.

Mama_Kiduchu

Maji bure kivipi? Huko Ulaya si kila kitu kinauzwa?

Mwana_Kilosa

Makaburini, mama. Karibu kila kijiji kina makaburi yaliyozungushiwa ukuta, na ndani mlangoni kuna bomba la kumwagilia maua. Waendesha baiskeli wote wanajua. Unavua kofia, unajaza chupa, unaondoka kwa adabu. Ila soma kibao: kikiandikwa "eau non potable" hayo si ya kunywa, ni ya maua tu.

Mama_Kiduchu

Astaghafiru. Mimi nitabeba ya kwangu.

Mwana_Kilosa

Sasa nafika kwenye kichwa cha uzi.

Ufaransa ina wilaya ndogo ndogo, zile wanazoziita commune, karibu 35,000. Kila moja ina ofisi ya meya, kanisa, mnara wa vita, na mara nyingi ile nyumba ya mawe yenye birika ambako wanawake walikuwa wanafulia zamani. Kwa hiyo kila baada ya kilomita tatu nne unakutana na kijiji, na kwa macho yetu tuliozoea kijiji chenye kioski, unadhani utakula. Huli. Vijiji vingi havina duka hata moja. Madirisha ya mbao yamefungwa, paka kalala ukutani, geranium zimechanua, na hakuna wa kumuuliza. Watu wapo, ila wako ndani au wako mjini kazini.

Penye duka, kuna saa. Duka la mkate linafungua alfajiri, likifika saa sita au saa sita na nusu linafungwa, linafungua tena alasiri. Jumapili ni asubuhi tu. Jumatatu wengi hawafungui kabisa. Mgahawa jikoni kunawaka kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu, ukibahatika saa nane. Baada ya hapo utauziwa kahawa, bia, na pole. Jikoni kukizimwa kumezimwa, mpaka saa moja usiku.

Nilikula Cormatin. Ni kijiji chenye kasri la karne ya 17 lenye bustani, wapenda historia wataingia, mimi niliangalia mnara wa saa na kwenda kula. Chakula cha siku kilikuwa nyama ya ng'ombe ya kuchemshwa taratibu na karoti. Nikiwa namalizia, wakaingia Waholanzi wawili, mume na mke, baiskeli zao zina mifuko pande zote, dhahiri zimegharimu mishahara yangu kadhaa. Saa nane na dakika kumi. Yule mwenye mgahawa akawaambia jikoni kumefungwa. Mume akasema hata omleti tu. Kumefungwa. Mke akauliza hata mkate na jibini. Akajibu kwa upole kabisa, mikono imeshika trei, kwamba mpishi ameshaenda. Na mpishi tulikuwa tunamwona kupitia dirishani, anavuta sigara, amevaa aproni. Wale wazee wakanunua soda mbili na kukaa juani. Niliwapa kipande cha mkate wangu wa Givry na jibini moja, tukapiga soga hadi miguu ikapoa.

Huko njaa hainunuliki kwa kadi ya benki. Unaipangia toka asubuhi: utakuwa wapi saa nne, utakuwa wapi saa sita. Waendesha baiskeli wa kule wanajua saa za maduka kuliko wanavyojua kilomita. Siku hizi vijiji vingine vimewekewa mashine ya kuuza mkate pembeni ya barabara, unatumbukiza sarafu, mkate unaanguka. Wazee wanaitukana, lakini wanaitumia.

Wa_Kikuyu_Town

Boss, nimecheka hapo kwa mpishi. Huku kwetu mtu akisema jikoni kumefungwa unamwongeza mia anafungua.

Halafu mkiongea baiskeli na Ufaransa msisahau Kenya. Chris Froome alizaliwa Nairobi na alijifunza kuendesha huku Kikuyu, kwa David Kinjah, kibanda cha mabati na vijana wa mtaa. Akaenda kushinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017, japo kwa jezi ya Uingereza. Na 2024 Biniam Girmay wa Eritrea akabeba hatua tatu za mashindano hayo hayo na jezi ya kijani, ile ya kinara wa pointi.

Mwana_Kilosa

Kweli kabisa. Na Girmay ndiye mlango wangu wa mazungumzo vijijini. Mzee akiona mtu mweusi juu ya baiskeli, sentensi ya pili ni Girmay. Nikimwambia mimi si Mwaeritrea na mwendo wangu ni wa kupeleka unga mashineni, anacheka na kuniambia mwaka gani Tour ilipita mlangoni kwake.

Kipepeo_wa_Dijon

Habari za humu. Mimi niko Dijon, nami naendesha, na naomba nimpinge mleta uzi kwa heshima.

Hiyo njia ya reli imepambwa kuliko inavyostahili. Ni salama, ni tambarare, nzuri kwa mwenye watoto. Lakini nusu yake umezibwa na miti na kuta za udongo pande mbili, na vijiji vyenyewe viko juu kilimani, reli inavipita chini. Unaweza kuanza Givry ukamaliza Cluny hujaingia kijiji hata kimoja. Bourgogne halisi iko kwenye barabara ndogo za mkoa, zile zenye herufi D, zenye mawe ya kilomita yaliyopakwa njano kichwani. Ukifika Cormatin kata kushoto, nenda Chapaize ukaone kanisa la karne ya 11 lenye mnara mrefu kuliko kijiji chenyewe kinavyohitaji. Kisha panda Brancion. Utatokwa na jasho, ila ukifika juu unaona bonde zima. Magari? Dakika ishirini unaweza usione hata moja, labda trekta.

Mwana_Kilosa

Dada umenipata nusu. Hapo kwa miti ni kweli, kuna vipande unaendesha kwenye korido ya majani na unachoona ni mgongo wa aliyekutangulia. Dawa yake ni kutoka njiani. Mimi huwa natoka. Saint-Gengoux-le-National, kwa mfano, usiipite: iko hatua chache tu kutoka stesheni ya zamani, vichochoro vya mawe, nyumba za karne nyingi, na kulikuwa na baba mmoja anapaka rangi mlango wake kwa brashi ndogo kama ya msanii.

Ila kumpeleka mgeni wa baiskeli Brancion siku ya kwanza ni kumfanya aichukie baiskeli maisha yake yote.

Kipepeo_wa_Dijon

Hahaha. Atashuka na kusukuma. Kusukuma hakujamuua mtu.

Mtoto_wa_Ng'ombe

Mkuu naona umepita na ng'ombe hujawataja. Sisi Wasukuma tunataka taarifa ya mifugo.

Mwana_Kilosa

Samahani mkuu, hao hawasahauliki. Ni Charolais, weupe kama maziwa yaliyoganda, asili yao ni mji wa Charolles, magharibi kidogo tu ya hapo. Wanafugwa kwa nyama. Dume moja linapita kilo elfu moja, shingo limefungwa misuli hadi unajiuliza linageukaje. Malisho yamezungushiwa ua wa miti ya miba, hakuna mchungaji, hakuna kengele, wanakula wenyewe. Ukisimama wanakuja wote hadi kwenye waya na kukukodolea macho. Nilimsalimia mmoja kwa Kisukuma nilichofundishwa jeshini, hakuitikia.

Ila huo ua wa miti una gharama yake. Wakulima wakishaupunguza kwa mashine, miba inabaki barabarani. Mwiba mmoja ulinipata mbele kidogo ya Cormatin. Tairi la nyuma, upepo unatoka taratibu. Nikageuza baiskeli miguu juu, nikatoa gurudumu, nikapitisha kidole ndani ya tairi polepole hadi nikaugusa ule mwiba, mdogo hauzidi punje ya mchele. Watu wengi wanabadilisha tyubu na kusahau kuutafuta mwiba, kilomita mbili mbele wanashuka tena. Msasa, solusheni, unasubiri ikauke hadi isinate kidoleni, kiraka, unaminya. Robo saa. Watu watatu walisimama kuuliza kama nina kila kitu.

Mwl_Kariakoo

Umetaja mnara wa vita kila kijiji. Hebu fafanua hapo.

Mwana_Kilosa

Mwalimu, hiyo ndiyo sehemu inayonikata maneno. Kijiji hakina duka, hakina shule tena, lakini mbele ya ofisi ya meya kuna jiwe lenye majina ya vijana waliokufa vita ya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao milioni 1.3 au zaidi. Nilisimama kijiji kimoja kidogo baada ya Saint-Gengoux, nyumba labda arobaini, majina zaidi ya ishirini. Ukoo mmoja umejirudia mara nne. Chini yake majina ya vita ya pili, matatu tu. Unatazama zile nyumba na kuanza kuelewa kwa nini mashamba mengine yaligeuka msitu.

Mwl_Kariakoo

Asante. Na hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Vita ile ile ilipiganwa huku pia, na wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu wakibeba mizigo ya Waingereza na Wajerumani, wengi kwa njaa na maradhi. Sisi tuna Sanamu la Askari pale Posta, la mwaka 1927, na jina la Kariakoo lililotokana na kile kikosi cha wapagazi. Majina ya watu hakuna. Kijiji cha Kifaransa chenye nyumba arobaini kimeandika kila mtoto wake, huku mpagazi wa Songea hata kaburi lake halijulikani.

Babu_wa_Nachingwea

Mwalimu umesema. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa akiwa kijana, hakurudi. Hatuna hata tarehe.

Mwana_Kilosa

Poleni sana babu.

Niongeze hapo hapo: kwa aliye Lyon, kaskazini kidogo ya jiji kuna kijiji cha Chasselay chenye makaburi yenye kuta nyekundu za mtindo wa Afrika Magharibi. Wamezikwa humo karibu wanajeshi mia mbili, karibu wote Waafrika waliokuwa jeshi la Ufaransa, waliouawa na Wajerumani mwezi wa sita 1940, wengine wakiwa wameshajisalimisha. Panafikika kwa baiskeli. Ipo siku nitapaletea uzi wake.

Twende alasiri.

Baada ya Cormatin kuna kilima cha Taizé. Wakristo humu wengi mnaijua kwa nyimbo zake fupi za kurudia rudia. Ndugu Roger alifika hapo 1940, akaanzisha jumuiya ya watawa wa madhehebu tofauti, na 2005 akauawa kanisani wakati wa sala ya jioni. Vijana wanakuja kutoka dunia nzima na kulala kwenye mahema. Mikutano yao imeshafika kwetu pia, Nairobi 2008 na Kigali 2012. Njia haipandi hadi juu, unatoka na kusukuma kidogo. Nilikuta vijana wanaosha masufuria makubwa ya jikoni huku wanaimba sauti nne, ile harmonia ya kanisa lenye kwaya nzuri.

Halafu Cluny. Abasia yake ilianzishwa mwaka 910, na kanisa walilojenga kuanzia 1088 lilikuwa na urefu wa mita 187, kubwa kuliko yote ya Ukristo hadi walipojenga hili la Mtakatifu Petro la sasa Roma. Sasa ukifika unaona mnara mmoja na kipande cha ukuta. Baada ya mapinduzi yao waliliuza mwaka 1798, wanunuzi wakaligeuza machimbo ya mawe na kulibomoa miaka na miaka. Mawe yale yako wapi? Yako mjini, kwenye nyumba za watu. Unakunywa kahawa, kiwiko chako kimeegemea kanisa. Majengo yaliyobaki ya watawa yana chuo cha uhandisi ndani yake, wanafunzi wanapita na makoti yao marefu ya kazi.

Shamba_Darasa

Wale wale wanaotufundisha kutunza mambo ya kale.

Mwana_Kilosa

Nilifikiri hivyo hivyo.

Toka Cluny kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6, la reli ile ile. Mimi ni wa Kilosa, mahandaki ya SGR tunayo, lakini kupita kwa treni ni tofauti na kupita kwa baiskeli. Nje kulikuwa joto la kuunguza, ndani ni baridi ya friji, matone yanadondoka shingoni, na kila sauti inarudi. Beba sweta na taa. Watoto waliokuwa mbele walipiga kelele njia nzima na mama yao ameshakata tamaa. Majira ya baridi handaki linafungwa kwa sababu popo wanalala humo, hiyo ni sheria na wanaifuata. Likifungwa, unapanda mlima juu yake, na hicho ndicho kipande nilichosema Phoenix ya gia moja itakutoa machozi.

Ukitokea upande wa pili, Berzé-le-Châtel inakungoja juu kilimani: ngome yenye minara, mizabibu imeizunguka hadi kwenye kuta. Kuanzia hapo ni mteremko mdogo na upepo mgongoni. Kwa mbali unaona mwamba wa Solutré ulivyochongoka, ule aliokuwa akiupanda rais Mitterrand kila mwaka sikukuu ya Pentekoste akifuatwa na waandishi. Kijiji kimoja njiani kibao cha jina kilikuwa kimegeuzwa kichwa chini. Sio wahuni. Ni wakulima, walianza 2023, kugomea sera wanazosema zimepinduka.

Mâcon nilifika saa kumi na moja na nusu, nikapata treni ya saa kumi na mbili.

Chuma_cha_Pua

Maswali ya haraka mkuu: polisi wanasumbua? Mvinyo unaruhusiwa? Na ubaguzi vijijini ukoje, usituficheficha.

Mwana_Kilosa

Polisi: usivae spika za masikioni ukiwa unaendesha, tangu 2015 ni faini ya euro 135. Usiku nje ya miji lazima kizibao cha kung'aa, na taa. Mtoto chini ya miaka 12 lazima kofia ngumu. Gari likikupita nje ya mji linatakiwa liache mita moja na nusu, na wengi wanaacha, hadi nikirudi Bongo nitashindwa kuvuka Mandela Road. Kulia kwako kukiwa na barabara isiyo na kibao chochote, anayetoka huko ndiye mwenye haki. Hiyo imeshaangusha wageni wengi.

Mvinyo: kiwango cha kilevi cha dereva kinamhusu na mwendesha baiskeli, gramu 0.5 kwa lita. Majumba ya mvinyo yanaonjesha, na desturi inaruhusu kutema. Mimi sinywi mpaka nifike stesheni.

Ubaguzi: sitawadanganya. Kuna baa ya kijiji niliingia mazungumzo yakakatika. Nikasalimia, wakaitikia, yakaendelea, na mmoja akaniuliza tairi zangu ni saizi gani. Kuna bibi alinichungulia nyuma ya pazia muda wote nilipokuwa najaza maji. Na matokeo ya kura za vijiji vile tunayasoma wote. Lakini kwa upande wangu, juu ya baiskeli nimepata tabasamu nyingi kuliko nikiwa nimesimama kituo cha basi Lyon. Mwenye jasho na tope miguuni haogopwi sana. Mwingine anaweza kuwa na yake tofauti, simbishii.

Mama_Kiduchu

Na mwanamke peke yake je?

Kipepeo_wa_Dijon

Mama, mimi huwa peke yangu. Mchana sijawahi kusumbuliwa njiani, ni salamu tu na wazee wenye baiskeli za umeme wanaokupita kwenye mlima wakikupa moyo, jambo linaloudhi kuliko matusi. Kinachonisumbua ni choo. Vijijini tafuta karibu na kanisa au ofisi ya meya, na beba karatasi yako. Nikitaka tambarare bila kufikiri nafuata Canal du Centre kutoka Chalon kwenda Digoin, njia ya kando ya maji, mabwawa ya kupandisha mashua yako kila baada ya muda, na kwa mtunza bwawa wakati mwingine kuna kahawa.

Mwana_Kilosa

Haya dada, mwezi wa tisa joto likipungua nitakuja Brancion, tusiendelee kubishana kwenye maandishi. Saa ngapi na wapi?

Kipepeo_wa_Dijon

Tournus stesheni, saa tatu asubuhi. Usije Jumatatu, duka la mkate litakuwa limefungwa. Na weka gia ndogo, ile ya kwako naijua ni ya tambarare.

Shamba_Darasa

Picha jamani.